Mke wa Dereva

Katika njia yote ya kutoka Kothamangalam kupanda hadi Adimali, hapakuwa na dereva wa basi aliyesifika kama Binoy. Kona za milima ile zimejikunja kama kiwiko, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde ambalo ukitupa jiwe hulisikii likifika. Binoy aliipanda na kuishuka miaka nenda miaka rudi, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye honi. Wauza chai wa kando ya barabara wakiisikia honi yake kona ya chini walikuwa wanainjika maji.

Humo ndani ya basi ndimo alimopata mke. Jincy alikuwa mwanafunzi wa unesi, na kiti chake kilikuwa kile cha nyuma ya dereva. Kila kona alifumba macho na kukishika kimsalaba chake cha shingoni. Siku moja Binoy alimtazama kwenye kioo akamwuliza, "Dada, unasali tufike au unasali nifukuzwe kazi?"

"Nasali uoe," Jincy akajibu, macho bado yamefumbwa. "Labda utapunguza mwendo."

Alioa. Mwendo hakupunguza.

Walipata binti, Anumol, kisha mtoto wa kiume, Eldho. Jincy alikuwa mwoga wa barabara tangu utoto. Hata kuvuka njia mbele ya soko alimsubiri mtu wa kumshika mkono. Lakini kwenye masomo hakuwa na woga. Alifanya mitihani ya Kiingereza akiwa na mimba ya Eldho, akafanya na ile ya unesi akimnyonyesha, mpaka hospitali moja ndogo huko kwenye mashamba ya ngano ya Victoria, Australia, ikamwita kazini. Binoy aliegesha basi kwa mara ya mwisho, akampa kondakta wake funguo, na familia nzima ikapanda ndege. Anumol alikuwa na miaka sita, Eldho miwili.

Walipanga nyumba ya mbao katika mji uitwao Wirrabit. Ulikuwa na maghala ya ngano marefu kuliko kanisa, shule, duka moja, bwawa la kuogelea, na kimya. Hospitali ilikuwa mji wa pili, Tallook, mwendo wa nusu saa, na barabara ya kwenda huko ilinyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Binoy alipoiona mara ya kwanza alicheka peke yake.

"Hii nayo barabara? Hapa hata Eldho ataendesha."

Miezi ya mwanzo aliendesha kwa leseni ya kwao. Alimpeleka Jincy kazini, akarudi, akamfungia Anumol chakula cha shule, akashinda na Eldho. Hayo mengine yalimpa tabu. Anumol hakutaka tena keki za mvuke za unga wa mchele. Alitaka mkate uliopakwa ule urojo mweusi wa chumvi wanaoula wenzake, ambao Binoy alipouonja alidhani ni dawa ya viatu. Nywele za mtoto alizisuka kombo mpaka mwalimu akazifumua na kuzisuka upya. Ila akishika usukani, Binoy alirudi kuwa Binoy. Barabarani hakuwa mgeni.

Ndipo ukaja mtihani wa udereva. Sheria ilimtaka apate leseni ya huko. Aliingia kwenye gari na mtahini kama mtu anayekwenda kuchukua kilicho chake, na wakarudi mapema kuliko walivyotarajiwa.

"Nimefeli," akamwambia Jincy, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. "Nimempigia honi mzee wa baiskeli. Kumsalimu tu. Yule mama mtahini anasema nimemtukana."

Kufeli kule kulimwondolea ruhusa ya kuendesha kwa leseni ya zamani. Akarudia mtihani. Safari hii aliangushwa na kibao cha kusimama, pale njia ya reli inapokatiza barabara. Binoy alipunguza mwendo, akatazama huku na huku, akapita.

"Ulisimama?" mtahini alimwuliza.

"Nilipunguza."

"Kibao kinasema simama."

"Nimsimamie nani, mama? Hata kunguru hayupo."

Mara ya tatu alisimama kila mahali, na honi hakuigusa. Lakini hakugeuza shingo kutazama begani kabla ya kubadili upande, kama wanavyotaka kule. Alikuwa na vioo vitatu. Shingo ya nini? Akarudi nyumbani kwa miguu, akaingia chumbani, akalala mchana kweupe huku viatu vikiwa miguuni.

Kwa wakati wote huo Jincy alikuwa anapewa lifti na mfanyakazi mwenzake ambaye zamu zao hazikulingana. Aliondoka kabla watoto hawajaamka, na mara nyingine alikaa kwenye benchi la hospitali baada ya kazi mpaka mwenzake amalize. Jioni moja mezani, wakila wali, alisema kwa sauti ya kawaida, "Mimi nitajifunza kuendesha."

Binoy alicheka mpaka wali ukampalia.

"Baba, mbona unacheka?" Anumol akauliza.

"Mama yako anaogopa kuvuka barabara kwa miguu, mwanangu."

"Kwa miguu, ndiyo," Jincy akasema. "Ndiyo maana nataka gari." Akaendelea kula.

Mwalimu alikuwa jirani yao, Glenys, mjane wa mkulima, mwanamke mwembamba mwenye pikapu kuukuu na mbwa aliyekaa kiti cha mbele kama abiria aliyelipa nauli. Binoy alijaribu kumtahadharisha. Alimfuata uani akamwambia, "Mama, mke wangu ni mwoga sana."

"Nimefundisha wanangu wanne," Glenys akasema. "Watatu walikuwa mabingwa. Hao ndio waliovunja uzio wangu. Yule mwoga hajawahi kugonga kitu."

Walianzia shambani, ngano ikiwa imekwisha kuvunwa na hakuna cha kugonga. Binoy alisimama kwenye uzio, Eldho mabegani mwake, akatazama pikapu ikiruka kama chura na kuzima. Ikaruka, ikazima. Alingoja Jincy ashuke akilia. Hakushuka. Aliteremsha kioo, akamwuliza Glenys jambo, akasikiliza, akawasha tena.

Ikawa desturi. Akitoka kazini, kabla hajavua sare, alikaa dakika chache kwenye gari lao lililoegeshwa uani, peke yake, na Binoy akimwona kupitia dirisha la jikoni. Kioo cha ndani, kioo cha pembeni, shingo. Kioo cha ndani, kioo cha pembeni, shingo. Ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo, kama mtoto anayetunga uzi kwenye sindano. Binoy alisimama na mwiko mkononi, akajikuta amesahau vitunguu. Hakutaka kustaajabu, lakini alistaajabu.

Jincy akafaulu mara ya kwanza. Hakupiga kelele. Alibandika ile herufi P ya kijani nyuma ya gari, alama ya dereva mpya, akaipapasa mara mbili ishike vizuri, kisha akaingia ndani kukoga.

Tangu hapo Binoy akahamia kiti cha abiria. Kilikuwa kiti kigumu.

"Baba Anu, unakanyaga nini?"

"Sikanyagi kitu."

"Mguu wako wa kulia utatoboa sakafu."

"Hapo mbele kuna kangaruu."

"Nimemwona kabla hujamwona. Na ule ni mti."

Wakati wa Krismasi walialikwa Mildura, kwa Poulose, mtu wa kwao ambaye miaka mingi alifanya kazi kwenye viwanda vya zabibu na aliwakusanya watu wote wa lugha yake waliotawanyika kwenye nchi ile kavu. Palikuwa na mchuzi wa bata, nyama ya ng'ombe iliyokaangwa na vipande vya nazi, na wanaume wamekaa kibarazani wanacheza karata. Poulose alimwona Jincy akiegesha gari, akamwona na Binoy akishuka upande wa pili na sufuria mikononi.

"Jamani, njooni mwone," akaita. "Mfalme wa milima amefika. Ameletwa kama kifurushi."

Baraza zima likaangua kicheko. Binoy naye akacheka, tena zaidi yao. Mwingine akaongeza, "Shemeji, umemfunga mkanda vizuri? Huyu akiona kona hurukia usukani." Wakacheka tena, na Binoy akaomba karata zake.

Njia ya kurudi Binoy aliikumbatia sufuria tupu, uso dirishani.

"Umekasirika?" Jincy akauliza.

"Nani?"

"Huyo aliyekaa kushoto kwangu."

Binoy akafumba macho, akajifanya amelala. Baada ya siku ile alianza kutafuta visingizio. Dukani alikwenda kwa miguu, juani, mifuko ikimkata vidole, eti anapenda kutembea. Safari za Tallook alisema kichwa kinamwuma. Jincy alimwacha. Aliwafunga watoto mikanda, akaenda nao peke yake, akarudi.

Februari hiyo joto lilikuwa la tanuru. Jumamosi moja asubuhi, upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka kaskazini na anga limegeuka rangi ya maziwa yaliyoungua. Jincy alikuwa anaroweka ukwaju kwa ajili ya mchuzi wa samaki, Binoy anakuna nazi. Anumol akaja mlangoni.

"Eldho ameingiza mbegu puani."

"Mbegu gani?"

"Hizo za kwenye huo ukwaju. Aliniambia ataota mti."

Eldho alikuwa amekaa chini ya meza, mdomo wazi, anapumua kama mzee mwenye mafua. Binoy alikwisha kushika kibano cha nyusi.

"Usiguse," Jincy akasema. "Utaisukuma ndani."

Alimpakata mtoto, akamziba tundu la pua lililokuwa huru, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto, akapuliza kwa ghafla. Mara ya kwanza Eldho alicheka. Mara ya pili alilia. Mbegu haikutoka, na uzi mwembamba wa damu ukashuka, maana alikuwa ameichokonoa mwenyewe kabla hawajajua.

"Twende Tallook," Jincy akasema, akavua aproni.

Binoy hakukumbuka kuumwa kichwa. Alimbeba mtoto. Walipokuwa wanaingia garini, Glenys aliita kutoka uani kwake, huku anaingiza mbwa ndani. "Jincy, upepo huo mbaya. Ukiona ukuta mwekundu, toka barabarani kabisa na uzime taa. Kabisa, umenisikia?"

"Nimekusikia."

Walipofika katikati ya safari waliuona ule ukuta wa vumbi. Ulitokea upande wa kushoto, rangi ya tofali, mrefu kuliko maghala ya ngano, na chini yake miti ilikuwa inapotea mmoja baada ya mwingine. Jua likageuka duara jekundu, kisha halikuonekana tena. Mchanga ukaanza kugonga mlango kama mchele unaopetwa.

"Pita," Binoy akasema. "Kanyaga, upite. Tumebakiza kidogo tu. Mimi nimeshusha basi lenye watu sitini kwenye ukungu wa masika, sioni hata mkono wangu. Shika mstari wa katikati, uende."

Jincy alipunguza mwendo. Akawasha kiashirio.

"Unafanya nini? Mtoto anatoka damu, unasimama?"

"Binoy," Jincy akasema, "nyamaza."

Kwa desturi ya kwao mke hamwiti mumewe kwa jina. Tangu waoane hakuwahi, hata wakigombana. Binoy akanyamaza kama aliyemwagiwa maji. Jincy alitoka barabarani taratibu, akavuka changarawe za kando, akaenda mbali zaidi mpaka kwenye nyasi kavu baina ya miti mifupi, akavuta breki ya mkono, akazima injini. Kisha akazima taa.

Giza la rangi ya kutu likawafunika.

"Washa taa," Binoy akasema kwa sauti ndogo. "Mtu atatugonga."

"Nikiwasha, anayekuja nyuma atadhani ndiko barabara iliko. Atafuata taa zetu."

Alikuwa bado hajamaliza kusema pale ardhi ilipotetemeka. Lori la ngano lenye matela mawili lilipita barabarani, kwenye mkondo uleule waliouacha, kwa kasi ya mtu ambaye hajaamini kuwa haoni. Waliona taa zake mbili za njano iliyofifia, kisha ubavu mrefu usiokwisha, kisha vumbi tupu. Gari lao likayumba.

Binoy aliitazama nafasi ile barabarani. Angekuwa yeye kwenye usukani, wangekuwa pale, wanapapasa mstari wa katikati, na lile lori mgongoni. Alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Akageuka kumtazama mkewe. Mikono ya Jincy ilikuwa bado imeshika usukani, imetulia. Lakini magoti yake, chini ya gauni, yalikuwa yanatetemeka, yanagongana. Macho yalikuwa wazi, yanatazama mbele kwenye kile kisichoonekana.

"Mama, tumefika?" Anumol akauliza.

"Bado, mwanangu. Tumepumzika kidogo. Chukua mtandio wangu, loanisha kwa maji ya chupa, jifunike pua."

Mwenyewe alipanda juu ya kiti akaenda nyuma. Eldho alikuwa amekwisha kulia mpaka sauti imekauka. "Baba Anu, njoo umshike kichwa," akasema. Binoy akapinda nyuma, akamshika. Jincy akamwambia mtoto, "Eldho, mama anataka kukubusu busu kubwa. Fungua mdomo kama samaki." Mtoto akafungua. Akamziba tundu moja la pua, akapuliza.

Mbegu ilitoka kama risasi ikampiga Binoy kwenye paji la uso.

Anumol ndiye aliyeanza kucheka. Kisha Eldho, aliyeona pua yake imefunguka, kisha Jincy, aliyecheka mpaka machozi yakachora mifereji kwenye vumbi la mashavu yake, na hakunyamaza haraka. Binoy alimpokea mtoto, akampapasa mgongo, akaweka mkono wake wa pili begani kwa mkewe. Akauacha hapo mpaka upepo ulipokwisha.

Barabara ilipoonekana tena, Jincy aliwasha gari, wakaenda Tallook hivyohivyo, daktari athibitishe kwamba hakuna mbegu nyingine. Hakukuwa na nyingine. Wenzake Jincy waliokuwa zamu walimpangusa uso kwa taulo, wakampa Eldho barafu ya matunda.

Wakati wa kurudi dunia yote ilikuwa nyekundu: uzio, kondoo, vibao vya barabarani. Binoy alikaa kushoto, miguu yake imetulia sakafuni.

"Mimi ningepita," akasema.

"Najua."

"Tungekuwa mbele ya lile lori."

Jincy akafika kwenye njia ya reli, akasimama pale penye kibao, magurudumu yakatulia kabisa. Akatazama kulia, kushoto, akaondoka.

"Mama Anu."

"Naam."

"Hebu nifundishe ile ya shingo."

Jincy alimtupia jicho, akadhani anatania. Hakuwa anatania. "Mwenye P haruhusiwi kufundisha," akasema. "Nenda kwa Glenys. Atakutukana kidogo, lakini atakufundisha."

Glenys alimtukana si kidogo. Alimfungia kitambaa chekundu kwenye honi asiiguse, akamwambia kila siku kwamba mbwa wake angekwisha kuelewa. Binoy alisema, "Ndiyo, mama," akarudia. Jioni alikaa kwenye gari uani: kioo cha ndani, kioo cha pembeni, shingo. Eldho alikaa kiti cha pembeni akageuza shingo pamoja naye. Siku ya mtihani alisimama kwenye ile njia ya reli muda mrefu mpaka mtahini akamwambia, "Unaweza kwenda sasa, bwana." Akafaulu.

Pasaka walikwenda tena kwa Poulose. Watu walikuwa kibarazani kama kawaida, na Jincy ndiye aliyeegesha gari. Binoy alishuka kushoto, sufuria mikononi.

"Ee, kifurushi!" Poulose akaita. "Nimesikia umepata leseni. Imekuwaje tena? Shemeji amekunyang'anya?"

"Leseni ninayo," Binoy akasema, akaweka sufuria mezani. "Lakini barabara ile ndefu naipenda nikiendeshwa na huyu. Kaeni niwaambieni kisa."

Akawasimulia. Alisimulia ukuta mwekundu, akasimulia alivyosema "pita, pita", wala hakujipunguzia. Alipofika kwenye taa zilizozimwa, karata zilikuwa zimewekwa chini. Alipofika kwenye lori, mzee mmoja aliyekuwa anatafuna aliacha kutafuna.

"Milima yote ile niliyopanda," Binoy akasema, "nilikuwa naendesha kwa sababu siogopi. Hiyo si kazi. Asiyeogopa hana cha kushinda. Huyu anaogopa tangu tumboni mwa mama yake, na anaendesha."

Jincy alikuwa amesimama mlangoni na sinia la mihogo. "Msimsikilize," akasema. "Nilikuwa natetemeka magoti mpaka nikadhani yatavunjika."

"Niliyaona," Binoy akasema. "Unadhani nasimulia nini?"

Poulose alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akasogea kwenye benchi, akapangusa mahali kwa kiganja. "Shemeji, weka hilo sinia ukae hapa," akasema. "Hayo magoti yamefanya kazi. Mihogo atagawa kifurushi."

Na Binoy akagawa.